Maji ya dialisisi ya tumbo yana ukungu, maabara haioni mdudu: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Anayesafisha damu kwa njia ya tumbo hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: maji yakitoka na ukungu, piga simu kituoni siku hiyo hiyo. Hapa hatulitengui fundisho hilo. Ukungu ni maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo, na hakuna sentensi humu inayompa mgonjwa ruhusa ya kukaa nyumbani akingoja maji yajisafishe yenyewe. Walengwa wangu ni wauguzi na matabibu wa vituo vya figo, pamoja na wagonjwa na ndugu zao wanaotaka kuelewa kinachoendelea pale jibu la maabara linaporudi limeandikwa "hakuna kilichoota".

Jibu hilo si geni. Chama cha kimataifa cha dialisisi ya tumbo, ISPD, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinataka kila kituo kihakikishe kwamba matukio ya peritonaitisi (uvimbe wa utando wa ndani ya tumbo) ambayo hayakuota kitu hayafiki 15 katika kila 100. Mengi kati ya hayo ni maambukizi ya kweli ambayo sampuli zake zilichukuliwa vibaya au kwa kuchelewa. Yanayobaki ni utando uliovimba, au maji yaliyochafuka tu, bila mdudu yeyote. Kuyatambua kunategemea swali ambalo wengi hawaliulizi. Karibu kila kituo huuliza seli nyeupe ni ngapi. Uliza pia ni za aina gani.

Hatua ya 1: Utazame mfuko kabla ya kuumwaga

Weka mfuko uliojaa juu ya karatasi yenye maandishi, mahali penye mwanga. Maandishi yakisomeka, maji ni safi. Yakififia au yakipotea, kuna ukungu. Kisha angalia ni ukungu wa namna gani, maana si wote ni sawa.

Nyuzinyuzi nyeupe zinazoelea huku maji katikati yake ni safi ni fibrini, protini inayogandisha damu. Zinaweza kuziba mpira wa dialisisi uliowekwa tumboni, lakini peke yake si dalili ya maambukizi. Maji ya waridi au mekundu ni damu, na damu haihitaji kuwa nyingi: mililita 2 zinatosha kuipa rangi lita nzima. Maji meupe pepepe kama tui la nazi yanaashiria mafuta kutoka kwenye mishipa ya limfu. Ukungu wa kijivu au wa manjano ndio unaobeba seli, na huo ndio wa kuhofia zaidi.

Muulize mgonjwa maji yalikaa tumboni kwa muda gani. Kama tumbo lilikuwa kavu tangu asubuhi, kwa mfano kwa anayetumia mashine usiku tu, au kwa aliyehamishiwa dialisisi ya damu huku mpira wa tumbo ukiwa bado haujatolewa, kile kidogo kinachotoka mwanzo huwa na seli zilizojilimbikiza. Mwekee lita moja, iache saa moja mpaka mbili, kisha itoe na uipime hiyo. Mara nyingi ukungu huwa umekwisha.

Na maumivu yalianza lini? Yanayokuja dakika chache za mwanzo wakati maji yanaingia, kisha yakaisha huku mfuko ukitoka safi, mara nyingi hutokana na uasidi wa maji ya kawaida ya dialisisi, ambayo pH yake huwa kati ya 5 na 6. Yanayochoma mwishoni mwa kutoa maji ni ncha ya mpira inayogusa ndani. Hayo yote mawili si uvimbe wa utando.

Hatua ya 2: Chukua sampuli ambayo maabara inaweza kuiamini

Mfuko wa kwanza wenye ukungu ndio wenye thamani kuliko yote inayofuata. Upindue mara kadhaa kabla ya kuchota, kwa sababu seli huzama chini, na sampuli iliyochotwa juu ya mfuko uliolala saa tatu itakudanganya. Kisha:

- Ingiza mililita 5 hadi 10 katika kila chupa ya kuoteshea damu, palepale kitandani. Chupa hizo huongeza sana uwezekano wa kumpata mdudu ukilinganisha na kupeleka maji kwenye kikopo.
- Kama maabara ina mashine ya kuzungusha, mililita 50 zizungushwe, na masimbi yatakayobaki chini ndiyo yaoteshwe na kupakwa rangi ya Gram, inayoonyesha bakteria kwenye hadubini.
- Peleka sampuli ya kuhesabu seli ndani ya saa chache. Seli zinazokaa sana hubadilika umbo, na fundi wa maabara hataweza tena kukwambia ni za aina gani. Kwa vyovyote usipite muda wa saa 6 tangu zichukuliwe.

Kwenye fomu usiandike "hesabu ya seli" peke yake. Andika: "hesabu jumla, pamoja na asilimia ya neutrofili, eosinofili, limfosaiti na makrofaji." Hizo ni aina za seli nyeupe. Mashine nyingi za kuhesabu damu hazikuundwa kwa ajili ya maji ya tumboni, na hushindwa kutofautisha baadhi ya seli hizi. Mwombe fundi apake slaidi na aitazame kwa macho yake. Wapo watakaonung'unika. Vumilia, kwa sababu slaidi hiyo moja ndiyo itakayokuonyesha njia ya kushika.

Hatua ya 3: Anza tiba bila kungoja

Peritonaitisi inathibitishwa kwa mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya tumbo au maji yenye ukungu, seli nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita katika maji yaliyokaa angalau saa 2, zaidi ya nusu yake zikiwa neutrofili, na mdudu aliyeota. Kwa mgonjwa wa mashine ya usiku, ambaye maji hayakai muda mrefu, asilimia ya neutrofili ina uzito kuliko idadi. Ikizidi nusu, mchukulie kuwa ana peritonaitisi hata kama seli hazikufika 100.

Antibiotiki za kuingiza tumboni zianze mara sampuli zikishachukuliwa. Chanzo kisicho na mdudu hujulikana kwa kuyaondoa mengine, kazi inayochukua siku kadhaa, na mgonjwa hawezi kukaa siku hizo zote bila kinga. Ndiyo maana nasema wazi: atakayesoma mwongozo huu na kuzuia dawa kwa kudhani tu "hii ni aleji" atakuwa ameusoma vibaya.

Hatua ya 4: Hakikisha "hasi" ni hasi kweli

Siku ya tatu, kama hakuna kilichoota, rudia kuhesabu seli na aina zake. Kabla ya kuamini kwamba hakuna mdudu, pita kwenye maswali haya.

Mgonjwa alimeza antibiotiki kabla ya kuja? Kwetu Afrika Mashariki swali hili linabeba uzito wa pekee, kwa sababu duka la dawa liko jirani kuliko kituo cha figo, na watu hununua vidonge vya kutuliza tumbo bila cheti. Usiulize "umetumia antibiotiki?" Atajibu hapana, kwa sababu halijui neno hilo au hadhani kwamba vidonge vile ndivyo unavyovisema. Muulize alimeza nini tangu tumbo lianze kuuma, na mwombe ndugu yake alete makaratasi ya vidonge.

Je, ni kifua kikuu cha tumbo? Hakioti kwenye chupa za kawaida. Wagonjwa wengi huanza na neutrofili, kwa hiyo kukosekana kwa limfosaiti hakukifuti. Omba kipimo cha vinasaba, kile cha GeneXpert, pamoja na uoteshaji wa bakteria wa kifua kikuu. Jibu hasi la kipimo cha vinasaba halitoshi kukiondoa, maana katika maji ya tumboni wadudu huwa wachache. Na fangasi? Hasa kwa aliyetumia antibiotiki majuma yaliyopita.

Kabla ya kuvuka hatua hii, bonyeza tumbo. Kidole tumbo, kibofu cha nyongo, utumbo uliotoboka: hayo ni mambo ya daktari wa upasuaji, na hayangoji maabara.

Hatua ya 5: Ifuate aina ya seli

*Seli chache au hakuna.* Maji yamechafuka lakini utando haukuvimba. Angalia mafuta, fibrini na damu.

Kwa maji meupe, pima triglisaridi (aina ya mafuta) za maji na za damu. Za maji zikiwa juu kuliko za damu, hayo ni mafuta ya limfu. Chanzo rahisi kuliko vyote kimo kwenye pakiti ya dawa za presha: lerkanidipini na manidipini zinatajwa zaidi, na nyingine za jamaa hiyo, nifedipini ikiwemo, zimewahi kutajwa pia. Mgonjwa hana homa wala maumivu, na maji hubadilika siku chache baada ya kuanza dawa. Daktari ambadilishie dawa ya presha, asimwachishe bila mbadala. Maji mara nyingi husafika ndani ya siku moja au mbili, na kusafika huko ndiko kipimo chenyewe. Yasiposafika, tafuta saratani ya tezi za limfu, kongosho lililovimba, kifua kikuu tena, au jeraha la mshipa wa limfu wakati wa kuweka mpira.

Damu ina orodha yake. Kwa mwanamke anayepata hedhi, swali la kwanza ni tarehe. Damu ya hedhi inaweza kurudi nyuma kupitia mirija na kuingia tumboni, na yai likipevuka katikati ya mwezi linaweza kuacha damu kidogo. Mgonjwa asipoambiwa mapema kwamba hili hutokea, mara ya kwanza atadhani amekufa. Mwambie siku ya mafunzo, na mwambie waziwazi, hata kama mume au mkwe yupo chumbani na mazungumzo yanakuwa mazito. Damu nyingi inayoendelea, yenye maumivu makali au kizunguzungu, ni dharura: uvimbe uliopasuka kwenye kokwa la mayai, mimba iliyotunga nje, ini au wengu uliojeruhiwa. Damu isiyo na hatari hutulizwa kwa kubadilisha maji mara kwa mara, maji yakiwa ya joto la kawaida la chumba badala ya joto la mwili, na heparini kiasi cha yuniti 500 kwa lita ili mpira usizibe.

*Eosinofili.* Zikizidi 100 kwa mikrolita na kuvuka asilimia 10 ya seli nyeupe, hiyo ni peritonaitisi ya eosinofili. Mara nyingi huja majuma ya mwanzo baada ya kuweka mpira: mwili unakutana na plastiki, na hewa iliyoingia tumboni wakati wa upasuaji, na maji yenyewe, na yote hayo ni mageni kwake. Mgonjwa anakula, anatembea, anashangaa kwa nini amelazwa. Eosinofili za damu nazo huweza kupanda.

Wengi hupona wenyewe ndani ya majuma mawili hadi sita bila kuacha dialisisi. Dawa za aleji hutumika, na anayesumbuka sana huweza kupewa prednisoloni, dawa inayotuliza uvimbe lakini hupunguza kinga ya mwili, kwa dozi ndogo. Hapo ndipo ninapoomba subira. Fangasi, dawa mbalimbali na minyoo pia hupandisha eosinofili, na mmoja wa minyoo hao, Strongyloides, huishi kimya mwilini kwa miaka mingi. Akipewa mwenyeji wake prednisoloni, husambaa mwili mzima na kuweza kuua. Pima choo, na kama kipimo hakipatikani jadili kumtibu kwanza minyoo. Ni gharama ndogo.

*Makrofaji.* Ukungu, maumivu kidogo au hakuna, hakuna homa, makrofaji ndizo nyingi, na mgonjwa anatumia maji yenye ikodekstrini (aina ya wanga inayotumika badala ya glukosi), ule mfuko wa asilimia 7.5 unaokaa usiku kucha au mchana kutwa. Uache mfuko huo, umbadilishie wa glukosi, na utazame siku mbili tatu.

Kisa kilichofundisha dunia hapa kilitokea Ulaya. Mwaka 2002 wagonjwa wengi wa ikodekstrini walipata ukungu usio na mdudu, na kampuni ya Baxter ikaondoa sokoni baadhi ya matoleo. Ilipochunguzwa, maji yalikuwa na peptidoglaikani, kipande cha ukuta wa bakteria aitwaye Alicyclobacillus acidocaldarius, anayestahimili joto na asidi. Bakteria mwenyewe alikuwa ameshakufa, na vipimo vya usalama vya wakati ule vilikuwa vikitafuta endotoksini tu, sumu iliyo kwenye ukuta wa bakteria wa aina nyingine, ambayo bakteria wa jamii hiyo hana. Maji yalipita vipimo vyote na bado yakachoma utando. Tangu hapo peptidoglaikani nayo hupimwa.

Kwa kuwa tumeitaja ikodekstrini: huchanganya baadhi ya mashine ndogo za kupima sukari, zikaonyesha sukari ya juu wakati ya kweli iko chini, na wapo waliokufa kwa kuchomwa insulini wasiyoihitaji. Pia hushusha kwa uongo kipimo cha amilasi ya damu, kimeng'enya cha kongosho. Kwa mgonjwa huyu tumia mashine inayopima glukosi peke yake, na kwa kongosho pima lipasi, kimeng'enya chake kingine.

*Limfosaiti, au seli zenye sura isiyoeleweka.* Kifua kikuu kwanza. Kisha peleka maji kwa mtaalamu wa seli za saratani.

*Neutrofili, na bado hakuna kilichoota.* Hapa ndipo pagumu, kwa sababu picha ni ileile ya maambukizi. Tafuta kongosho: maumivu yanayopenya mgongoni, kutapika, lipasi iliyopanda. Amilasi ya maji yenyewe ikivuka yuniti 100 kwa lita, tatizo huenda liko kwenye kongosho au utumbo. Kisha tafuta kemikali.

Hatua ya 6: Kagua kila kilichoingia tumboni

Kemikali haiachi alama kwenye chupa ya kuoteshea. Huonekana kwa kuuliza kilichobadilika. Dawa za kuingiza tumboni zenyewe zimo: amfoterisini B huunguza utando na haifai kupitia tumboni, na katika miaka ya 1980 baadhi ya matoleo ya vankomaisini yalisababisha uvimbe saa chache baada ya kuingizwa. Ukiona ukungu unaongezeka kila baada ya dozi ilhali mgonjwa mwenyewe anaendelea vizuri, shuku dawa. Dawa za kuua wadudu, klorheksidini au aidini, zikipenya kwenye mpira badala ya kuishia nje ya kiungio, huunguza vilevile.

Kisha nenda stoo. Glukosi iliyo kwenye mifuko huvunjika kwa joto na kwa muda, ikizalisha kemikali zinazokera utando. Chumba chenye bati bila dari, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, kinaweza kupita kwa urahisi joto lililoandikwa kwenye boksi. Weka kipimajoto ukutani na uandike namba saa 8 mchana, siyo asubuhi. Nyumbani, uliza mfuko hupashwa joto vipi. Maikrowevu haipashi sawasawa, ikaacha sehemu za maji zinazochemka. Sufuria ya maji ya moto huzidisha joto, na pia hulowesha kiungio, na kiungio kilicholowa ni mlango wa maambukizi. Mfuko mkavu juu ya pedi ya joto ndiyo njia.

Hospitali zinazochanganya maji zenyewe kwa wagonjwa wa figo zilizofeli ghafla zina kazi ya ziada. Njia hii imeokoa maisha mahali ambapo mifuko ya kiwandani haipatikani, na mwongozo wa ISPD wa mwaka 2020 unaikubali. Ringa lakteti (maji ya kutundika mshipani) lita moja ikiongezwa mililita 30 za dekstrosi ya asilimia 50 hutoa maji ya takriban asilimia 1.5. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani. Anayechanganya aisome kwa sauti, na mwingine aangalie chupa, kwa sababu kwenye trei chupa za dekstrosi na za dawa nyingine hufanana. Nguvu ikizidi, utando hukerwa na mgonjwa hukaushwa maji.

Ukishapata washukiwa, ondoa mmoja mmoja. Ukibadilisha dawa ya presha, aina ya mfuko na antibiotiki siku moja, maji yatasafika na hutajua kilichoyasafisha. Mwezi ujao tatizo litarudi nawe ukiwa palepale.

Hatua ya 7: Usimsahau mgonjwa wa miaka mingi

Kuna uvimbe mmoja usio na mdudu ambao hauji na ukungu. Kwa aliyekaa kwenye dialisisi ya tumbo miaka mitano na zaidi, utando unaweza kunenepa, kukakamaa na kuuzingira utumbo. Ni nadra, lakini ni hatari. Dalili za mwanzo ni za kupuuzwa: anashiba mapema, anatapika mara mojamoja, anakonda, maji anayotoa yanapungua, wakati mwingine yana damu. Wengine huonyesha dalili baada ya kuacha njia hii au baada ya kupandikizwa figo, wakati hakuna tena anayefikiria tumbo lao. Picha ya CT huonyesha utando mnene wenye chokaa na utumbo uliokusanyika pamoja. Asisubiri mpaka utumbo uzibe. Apelekwe kwa timu inayoujua ugonjwa huu, aandaliwe lishe, na ijadiliwe kumhamishia dialisisi ya damu. Prednisoloni na tamoksifeni hutumika, na upasuaji ni kwa mikono iliyozoea tu.

Hatua ya 8: Lini kusimamisha antibiotiki, na nini cha kuandika

Daktari wa figo ndiye anayeamua. Akiwa na sababu iliyothibitika, mathalani maji meupe yaliyosafika baada ya kubadili dawa, au eosinofili tupu na uoteshaji hasi uliochukuliwa kabla ya dawa yoyote, anaweza kusimamisha mapema. Pasipo sababu, tukio lililopata nafuu hutibiwa majuma mawili kama maambukizi. Pasipo nafuu baada ya siku tano, seli zikiwa hazishuki, swali linageuka kuwa la kutoa mpira.

Kwenye faili andika aina za seli kwa asilimia, dawa zilizoanza mwezi huo, na namba ya toleo iliyo kwenye boksi la maji. Wagonjwa wawili wenye ukungu usio na mdudu ndani ya wiki moja wanaotumia toleo lilelile wanatosha kukusimamisha. Tenga maboksi yaliyobaki bila kuyatupa, na uripoti kwa mamlaka ya dawa: TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasi na Sumu kwa Kenya, NDA kwa Uganda. Kisha mpigie msambazaji, ukiwa na namba hiyo mkononi.